Siku Saba za Bangili ya Celeste

Mzee Zeferino alinifungulia mlango akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na kabla sijamwamkia akaniambia, "Kura sitaki."

"Shikamoo kwanza, Mzee."

"Marahaba. Kura sitaki."

Mimi si mtu wa kufukuzwa mlangoni. Katika wiki tano nilizozunguka kata ya Korongoni na begi langu la vipeperushi nilikuwa nimemwagiwa maji ya vyombo, nimekimbizwa na bata mzinga, na bibi mmoja alijifanya kiziwi mpaka nilipomwambia chapati zake zinaungua. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti chake mwenyewe, nikatoa kichupa changu cha mafuta ya mkaratusi nikaanza kuchua magoti. Kutoka barabarani hadi kwa Zeferino ni ngazi mia moja na arobaini, na magoti yangu yana miaka hamsini na tatu kama mimi.

"Ofisi ya uchaguzi haina kijana wa kutuma?" akauliza.

"Vijana waliikataa kazi hii. Walisema watu wa Beira ni wabishi."

Akacheka kidogo, bila kupenda. Alikuwa mnyapara wa nyavu, mtu mrefu, mikono imejaa makovu ya kamba. "Sikiliza, Mama Subi. Mara ya mwisho nilipiga kura Beira. Maji yalikuwa magotini ndani ya darasa. Nikatumbukiza karatasi yangu, nilipogeuka nikaona sanduku linaelea, linatoka mlangoni, linakwenda zake baharini. Baada ya miaka miwili mji wenyewe ukalifuata. Sasa safari hii unataka nimchague nani, papa?"

"Nataka umchague mtu wa kuzuia maji mengine yasije hapa."

Hilo alilijua. Kila mtu Korongoni alilijua. Mji wetu wa Ilundo hauna mto tena, unakunywa ukungu. Alfajiri ukungu unapanda kutoka bondeni, unapita kwenye nyavu zilizosimikwa juu ya mgongo wa mlima, kila mmoja mrefu kama jengo la ghorofa nane, na matone yanatiririka kwenye mifereji hadi matangini. Wanaopanda nyavu hizo, kuziosha na kuzishona, ni watu wa Beira waliofukuzwa na bahari. Wenyeji hatuzipandi, tunaogopa. Tunafungua bomba tu na kulalamika kuwa maji yanatoka kidogo.

Na kwa kuwa yanatoka kidogo, Idara ya Maji ya mji ilichora bwawa. Bonde walilolichagua ni Korongoni, na roho elfu mbili ndani yake. Watu waliokimbia maji wahamishwe tena kupisha maji waliyoyakinga kwa mikono yao wenyewe! Nilipouona mchoro huo ofisini nilichukua begi la vipeperushi siku hiyohiyo, na sisemi hivyo ili nionekane mwema.

Sheria ilikuwa imeacha tundu moja la kupumulia. Kata yenye mjumbe Barazani haihamishwi bila saini ya mjumbe wake. Na mkaazi mgeni aliyetimiza siku elfu moja ana haki ya kura ya mji. Ila kata ambayo zaidi ya nusu ya wenye haki hawakujitokeza, kiti chake kinafutwa. Korongoni wenye haki walikuwa mia sita na kumi na wawili. Nilihitaji watu mia tatu na sita, na uchaguzi uliopita walijitokeza kumi na mmoja.

"Asiyekuwepo na lake halipo, Mzee."

"Na hii?" Akanyanyua mkono wa kushoto. Bangili ya ukaazi ilikuwa imemkaza, ya kijivu, na kitaa chake kidogo kikipepesa kufuata mapigo ya moyo. "Sanduku lenu litaifanya nini?"

"Litaisoma, lihesabu siku zako elfu moja, basi."

"Litahesabu tu?"

"Litahesabu tu. Hakuna atakayeulizwa kitu."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Nilikuwa nimeshasema hivyo katika nyumba zaidi ya mia tatu, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa ofisini, na sikurudi kuuliza mara ya pili.

Nilijua kwa nini anauliza. Mtu wa Beira akifiwa hafanyi kazi siku saba. Anakaa chini, mlango wazi, analia wafu wake. Lakini bangili haijui msiba. Isipoonekana kazini siku tatu mfululizo, kibali kimekufa. Kwa hiyo alfajiri mfiwa anaiweka bangili yake kizingitini, na mtu yeyote mwenye nafasi anaiokota, anaivaa, anakwenda kupanda nyavu badala yake, na jioni anairudisha palepale. Wanaita kumvalia mfiwa. Mfiwa hachungulii nje kuona ni nani. Haulizi, na aliyevaa hatajwi wala hashukuriwi mpaka anaingia kaburini. Kumtaja ni kama kumdai marehemu ujira wa kazi ile.

Nililijuaje hilo mimi, mwenyeji wa Ilundo kwa baba na mama? Nitalisema mahali pake.

Zeferino alitazama picha ya marehemu mkewe ukutani, Rosária, mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu. Alivaa kile kiatu cha pili, akafunga kamba polepole.

"Nitakuja," akasema. "Usidhani ni kwa ajili yako. Rosária amezikwa pale chini kwenye mihogo, na sitaki azame."

*

Siku ya kura ukungu ulikawia kuondoka. Sanduku liliwekwa kwenye ghala la kushonea nyavu, na aliyelileta ni fundi Ambakisye wa ofisi ya uchaguzi, ambaye siku hiyo alikuwa fundi, karani na msimamizi kwa pamoja. Serikali yetu imezoea kumvika mtu mmoja kofia tatu. Alikuja na askari wawili wa mji. Niliwaona askari, nikajiambia ni wa kulinda foleni.

Celeste alikuwa amefika kabla yetu sote. Huyu ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza Korongoni, tangu miaka kabla ya kampeni hizi, mshonaji wa nyavu, mjane mwenye mabinti wawili na ulimi mkali kuliko wangu. Alikuwa amechemsha chai sufuria mbili na anawapanga watu mstari. "Wewe, acha kusukuma! Kura haiozi!" Nilipopita akanisukumia kikombe. "Kunywa, dada Subi. Umekonda kwa siasa."

"Wangapi hao?"

"Nimefika mia mbili nikachoka kuhesabu. Umeona? Umetutoa ndani."

Nilifurahi. Jamani, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Sanduku lenyewe lilikuwa na ukubwa wa friji dogo, na tundu ubavuni la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Unaingiza mkono wenye bangili, unabonyeza picha ya mgombea wako kwa vidole, taa ya kijani inawaka, unatoka. Wa kwanza kijani. Wa pili kijani. Wa tatu alikuwa Inácio, kijana mpole aliyezika mama yake mwaka uliopita. Taa ikawaka nyekundu, na sanduku likasema kwa sauti ya kike, tamu kabisa, kama ya mtangazaji:

"Kura imepokelewa. Siku za kuazima, saba. Mioyo minne. Taja waliovaa."

Inácio akatutazama. "Sijui," akasema. Na kweli hakujua. Askari wakamchukua kwa mlango wa nyuma bila kelele, na waliokuwa nje kwenye foleni hawakuona kitu.

Nilimshika Ambakisye shati. "Hii nini?"

"Ni toleo jipya, mama. Mapigo ya moyo ni kama mwandiko, kila mtu ana wake. Bangili za zamani zilihifadhi mapigo ya kila siku, ila hapakuwa na chombo cha kuyasoma. Sasa kipo." Alikuwa anaongea huku anatazama viatu vyake. "Linapokea kura kwanza, halafu linakagua. Siku iliyovaliwa na moyo mwingine ni udanganyifu. Mwenye bangili akimtaja aliyevaa, anasamehewa, aliyevaa ndiye anayeondoka. Aliyevaa akijitaja mwenyewe, vilevile. Pasipotajwa mtu, mwenye bangili anapanda gari la saa kumi na mbili jioni, kambi ya mpakani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungezunguka milango yote ile kama ungejua?"

 Nikauliza, "Na aliyevaa akiwa mwenyeji?"

Ambakisye akacheka. "Mwenyeji gani atapanda nyavu? Lakini kifungu kipo. Anafutwa kwenye daftari la mji. Nyumba, mgawo wa maji, haki zote. Anavishwa bangili, anapangiwa nyavu, anaanza kuhesabu siku elfu moja." Kisha akaniinamia. "Mama Subi, nisikilize. Hao nje wengi ni safi. Ukiwaambia, watatawanyika wote, na kata itakuwa bwawa. Ukinyamaza, watakwenda wachache. Pima mwenyewe."

Nilipima. Mungu anisamehe, nilisimama pale na kikombe cha chai ya Celeste mkononi, nikapima watu kama mtu anavyopima mchele. Akapita mmoja, kijani. Wa pili kijani, wa tatu, wa nne. Nikaanza kujiambia labda Inácio alikuwa bahati mbaya tu. Kisha akaingia mama Graça, miaka sitini na kitu, amevaa nguo yake ya kanisani kwa ajili ya kura. Nilikuwa nimemwendea mara nne kumshawishi. Aliingiza mkono huku ananitabasamia.

Nyekundu.

Nilikiangusha kikombe, nikatoka nje nikapiga kelele. "Rudini nyuma! Msiingie! Sanduku linasoma mioyo! Wote mliovaliwa msibani, msiingie, mtafukuzwa! Niliwadanganya, jamani, niliwadanganya!"

Foleni ikavunjika.  Mtu mmoja akachomoa kipeperushi changu mfukoni, akakikunja vizuri, akakiweka chini mbele ya miguu yangu, akaondoka.

Celeste alikuja mpaka usoni pangu. "Umejua lini?"

"Alipoingia Inácio."

"Na Graça ameingia baada ya Inácio."

"Ndiyo."

 Nilitamani anizabe kofi. Akageuka akaenda kuzima moto wa chai.

*

Ni Zeferino aliyeikusanya foleni upya. Alisimama juu ya kreti, akasema kwa sauti ile ile anayowaamrishia watu juu ya nyavu: ambaye bangili yake haijawahi kulala kizingitini aje upande wa kulia, wengine wakae kushoto. Wa kulia waliingia, mmoja mmoja, na kila taa ilipowaka kijani ndipo nilipovuta pumzi. Wengine walikimbia kwenda kuwaamsha jamaa zao waliotoka zamu ya usiku. Zeferino mwenyewe alikaa kushoto.

Kufika saa nane mchana wasafi walikuwa wamekwisha. Namba juu ya sanduku ilisimama mia mbili themanini na saba, pamoja na Inácio na Graça. Tulipungukiwa na kura kumi na tisa, na kituo kilikuwa kinafungwa saa kumi na moja.

Niliokota begi langu nikaanza kupanda ngazi. Mazoea hayana akili. Nilibisha mlango wa kwanza, akafungua mwanamume mwenye mtoto mgongoni, akanitazama, nami nikafungua mdomo.  Ningemwambia nini? Njoo ufukuzwe, ili jirani yako abaki? Wiki tano nilikuwa na maneno ya kila aina, methali, mzaha, mpaka nyimbo. Nikamwambia, "Samahani, nimekosea nyumba." Nikashuka ngazi zote huku nalia.

Niliporudi ghalani nilimkuta Zeferino amesimama mbele ya sanduku, anapangusa viatu vyake kwa kitambaa.

"Mzee, hapana," nikasema.

"Mimi sina mtoto hapa, mama. Nina kaburi, na kaburi halipandi gari." Akaingiza mkono.

"Kura imepokelewa. Siku za kuazima, saba. Mioyo saba. Taja waliovaa."

"Sijui," akasema Zeferino. "Na ningejua nisingekwambia, shetani wewe."

Kutoka nyuma akajitokeza mwanamume mmoja analia, anataka kusema ni yeye, angalau siku moja ni yake. Zeferino alimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Una watoto watatu. Unataka kuniharibia msiba wangu?" Kisha akajitoa mwenyewe kwa mlango wa nyuma, askari wakamfuata.

Baada yake alikuja mjane mzee. Wakaja ndugu wawili, kijana asiye na mke, halafu mtu mmoja niliyemfahamu kuwa ni mlevi, siku hiyo hajaonja kitu, na wengine nyuma yake. Hakuna aliyewaomba. Walikuwa wanaagana mlangoni kwa sauti za kawaida, wakikabidhiana funguo na kuelekezana kuku walipo. Taa ilikuwa nyekundu kila mara, na kila mmoja alisema neno lilelile, sijui. Ambakisye alikuwa anaandika majina huku jasho linamdondoka kwenye karatasi.

Saa kumi na nusu namba ilikuwa mia tatu na tano.

Tulisubiri. Dakika kumi hakuja mtu. Mlangoni watu walikuwa wengi, lakini kila aliyebaki alikuwa na mtoto mkononi au mama mgonjwa nyumbani, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kisha Celeste akajifuta mikono kwenye kanga, akaja mbele.

Nilimzuia njia. "Una mabinti wawili."

"Nao watakaa wapi, dada Subi? Chini ya bwawa?"

"Subiri. Atakuja mwingine."

"Nani? Mtaje." Alinisogeza kando kwa bega. Akaingiza mkono. "Shangazi yao atawalea. Nimeshaongea naye."

Namba ikageuka. Mia tatu na sita. Nje watu walishusha pumzi kwa pamoja, na hapo hapo taa ikawaka nyekundu.

"Kura imepokelewa. Siku za kuazima, saba. Moyo mmoja. Taja aliyevaa."

*

Sasa nalisema.

Mwaka juzi Armando, mume wa Celeste, alianguka kutoka wavu namba tisa. Wiki ile homa ya mapafu ilikuwa imelaza nusu ya Korongoni, na waliobaki wazima walikuwa wanafanya zamu mbilimbili. Nilikwenda alfajiri kumpelekea uji. Nikaikuta bangili kizingitini, imelowa umande, na hakuna aliyeiokota. Desturi ile Celeste mwenyewe alishanisimulia zamani. Nikajua ikikaa siku tatu, Celeste atapoteza na kibali, baada ya kupoteza mume. Sikuwaza sana, mimi nina haraka ya kutenda kuliko kufikiri. Nikaivaa. Juu kwenye nyavu kila mtu anavaa koti la mvua, kofia na barakoa, hakuna anayemjua mwenzake. Siku saba nilipanda wavu ule ule uliomuua Armando, nikiwa nimefumba macho nusu ya safari, nikiomba Mungu na kuwatukana mababu wa aliyebuni nyavu za ukungu. Siku saba jioni niliirudisha kizingitini. Magoti yangu hayajapona mpaka leo.

Hakuna binadamu aliyejua. Waliovaliwa hawaulizi, na mimi sikumwambia mtu, hata mchungaji.

"Sijui," akasema Celeste.

Juu ya sanduku sekunde zilikuwa zinashuka kutoka sitini. Ndiyo muda anaopewa mtu kukumbuka.

Ningependa kusimulia kuwa niliruka mbele papo hapo. Sikuruka. Nilisimama nikaiona nyumba ya mama yangu, ukuta wake wa matofali mekundu, bomba langu la uani. Nikawaza, miaka hamsini na tatu, magoti haya, siku elfu moja juu ya nyavu. Nikawaza kuwa kura imeshapokelewa, kata imeshapona, na kusema kwangu hakuongezi kitu. Nikawaza pia kuwa Celeste amekubali mwenyewe. Ukitafuta sababu ya kunyamaza huikosi. Sekunde zilifika ishirini, na askari akamshika Celeste kiwiko, taratibu tu, kama anamsindikiza kanisani.

"Ni mimi," nikasema.

Ambakisye aliinua kichwa. "Mama Subi, umechoka. Toka nje upate hewa."

"Ni mimi niliyevaa. Nipishe."

"Utafutwa, mama! Unasikia? Hakuna kurudi!"

Nikaingiza mkono wangu usio na bangili mle ndani. Kulikuwa na ubaridi, na kitu laini kikanikaza kwenye mshipa. Sanduku likafikiri kidogo.

"Moyo umepatikana. Mwenye bangili amesamehewa."

Nilitegemea Celeste anikumbatie. Alinisukuma kwa mikono miwili mpaka nikaangukia marobota ya nyavu. "Mbona umesema?" alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Hatajwi! Mbona umesema, we mwanamke? Mimi nimekaa kimya miaka miwili!"

"Kimya cha nini?"

"Nilijua! Bangili ilirudi siku saba inanuka mkaratusi! Korongo zima nani mwingine anajipaka hiyo takataka?" Akakaa chini palepale karibu yangu, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, kilio kile cha siku ya Armando. Nikamshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu.

Ambakisye alikuja na fomu.  "Naomba… naomba unijibu, mama, lazima niandike. Jina?"

"Subilaga Mwaselela. Unalijua."

"Mwenyeji au mgeni?"

"Andika mgeni."

"Siku za ukaazi?"

Nilitazama saa ya ghala. Zilikuwa zimebaki dakika tatu kufika saa kumi na moja. "Moja," nikamwambia.

Akanifunga bangili. Ilikuwa ya baridi, na kitaa chake kikaanza kupepesa kufuata moyo wangu, haraka haraka, kama kinanikimbia.

Saa kumi na mbili, nje gari la kambi lilikuwa limeshawashwa injini. Walikuwa ishirini ndani, wamebanana na mabegi yao, Inácio, mama Graça na nguo yake ya kanisani, na Zeferino dirishani. Nilisimama chini yake. Sikujua namna ya kumwambia samahani, nikanyanyua mkono wa kushoto nikamwonyesha.

Aliitazama bangili. Kisha akachomoa glavu zake za ngozi, zile zenye viraka, akanirushia.

"Wavu namba nne umelegea upande wa kaskazini," akasema. "Saa kumi na moja alfajiri, usichelewe. Na usitazame chini."

"Sawa, Mzee."

Gari likaanza kusogea. Akatoa kichwa chote nje, akapaza sauti yake ya mnyapara.

"Jumapili ummwagilie Rosária maua yake. Maji kidogo tu, mama. Mengi anayaogopa."